Swali la Kebo ya Tanga

Vijana wetu wa Pemba wanaosoma uhandisi Dar wakirudi likizo wana mhadhiri wao wa kumsifu, kila baraza, Wete hadi Mkoani. Sifa zenyewe? Slaidi zake zina rangi, desa lake unalimaliza usiku mmoja, na darasani kwake hakuna supu, ile mitihani ya marudio. Huyo ni mpiga chapa tu.

Uhandisi hufundishwa kwa chaki. Slaidi huja na jibu limeshaiva. Chaki hukosea, ikafutwa, mwanafunzi akaona fikra inavyokwenda. Anayebisha abishe. Mwandiko mbaya nausamehe. Saketi isiyo na mshale wa mkondo siisamehe.

Lakini asichokiona mgeni ni kile mwalimu anachofanya kabla kalkuleta haijaguswa. Maalim mmoja wa umeme, Mpemba, alikuwa na swali lake la kila mwaka. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kutoka Tanga kwa kebo ya kilovolti 33 iliyolazwa chini ya bahari, majenereta ya dizeli ya Wesha yakapumzika. "Haya," huuliza, "Pemba nzima wamezima, hata taa ya msikitini haiwaki. Huko Tanga, ampea ngapi zinaingia kwenye kebo? Kisieni." Darasa zima: sifuri. Hasemi ndiyo, hasemi siyo. Anasubiri, chaki mkononi, mpaka kimya kinaanza kuwawasha. Kila mmoja aandike kisio lake na atie sahihi. Ndipo anapochora kondakta, kihami, na ganda la chuma linalozunguka, polepole mno, hadi mtu wa nyuma anaguna: kumbe kebo yenyewe ni kapasita ya makumi ya kilomita! Inavuta mkondo hata Pemba ikilala. Hesabu zinafuata baadaye, na aliyetia sahihi chini ya sifuri hazisahau.

Tapeli naye huuliza, ila hujijibu kabla hujavuta pumzi. Nilimjua mmoja aliyewapanga wanafunzi wawili wa mbele siku ya wakaguzi. Majibu yakatoka kama kaswida. Akapewa alama za juu.

Zamani, Kitivo cha Uhandisi cha Mlimani kilichofunguliwa 1973 kikiwa bado kichanga, mtu alirudi kutoka PT, mafunzo kwa vitendo, na grisi kuchani, na ripoti yake ikasomwa mstari kwa mstari. Siku hizi zinahesabiwa kurasa.

Kwa hiyo desa nisioneshwe. Nileteeni daftari la mwanafunzi wa mwaka wa pili, nitazame kama makisio yaliyokosewa yamo, yamekatwa kwa mstari mmoja na bado yanasomeka.