Ufundi wa Kuuliza "Umejuaje?"

Siku ya gulio Ngaramtoni habari hazikosi. Watu wanashuka na mahindi, maharage na mbuzi kutoka vijiji vya mteremko wa Meru, wachuuzi wanakuja kwa daladala kutoka Arusha mjini, na kabla jua halijazama kila mtu ameshasikia nani kauza shamba la urithi na ng'ombe wa nani kakutwa kwenye boma la nani. Methali inayotamalaki hapo ni ile ya lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi ni mwenyeji wa hapa na nimesomea sheria, na nathubutu kusema kwamba lipo somo zima katika shule ya sheria linaloizuia methali hiyo isiingie mahakamani. Ni somo la ushahidi. Wanafunzi wengi huliogopa, na mara nyingi hufundishwa kama orodha ya vifungu vya kukariri. Kwangu mimi ndilo somo zuri kuliko yote, kwa sababu humlazimisha mtu aeleze amejuaje kile anachodai kukijua, na humlazimisha mwenye nguvu kabla ya mnyonge.

Sheria yenyewe ni Sheria Na. 6 ya mwaka 1967, ambayo leo huitwa Sura ya 6. Kabla yake Tanganyika ilitumia Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyoandikwa na James Fitzjames Stephen, Mwingereza aliyekwenda kuwa mshauri wa sheria katika serikali ya kikoloni ya India. Stephen alichukua kanuni zilizokuwa zimetawanyika katika kesi za Kiingereza za miaka mingi akazibana ndani ya vifungu 167. Bunge letu lilipotunga sheria mpya, mifupa ya kazi yake ilibaki. India wenyewe waliiacha sheria ile tarehe 1 Julai 2024, siku walipoanza kutumia Bharatiya Sakshya Adhiniyam. Asili hiyo ya kikoloni wapo wanaoitumia kuibeza sheria nzima. Siungani nao. Chombo hupimwa kwa kazi kinayoifanya mikononi mwa anayekitumia sasa, na majaji wa Afrika Mashariki wamekifanyia kazi hiki mpaka kikawa chetu.

Chukua kanuni moja. Ushahidi wa mdomo lazima uwe wa moja kwa moja: jambo la kuonwa lisemwe na aliyeliona, jambo la kusikiwa lisemwe na aliyelisikia kwa masikio yake. Mwanafunzi wa mwaka wa pili huikariri kwa dakika moja, lakini huchukua muda mrefu zaidi kuelewa kwa nini ipo. Kanuni haisemi kwamba maneno ya kuambiwa ni uongo. Mengi ni ya kweli. Inasema kwamba hatuna namna ya kuyapima, kwa kuwa mwenye kuyasema hakuja, hakuapa, na hakuna wakili anayeweza kusimama mbele yake na kumuuliza maswali ya dodoso: ulisimama wapi, ulikuwa na nani, mbona polisi ulieleza vingine? Asiyekuwapo na lake halipo. Hata pale sheria inapolegeza kamba, inalegeza kwa uangalifu. Maneno ya marehemu juu ya kilichomsababishia kifo hupokelewa, kwa sababu yeye hawezi tena kuitwa. Katika sheria ya Kiingereza ilitakiwa awe anajua kwamba anakufa. Kwetu haitakiwi hivyo. Lakini mahakama za Afrika Mashariki zimeonya tangu miaka ya 1930 kwamba ni hatari kumtia mtu hatiani kwa maneno hayo peke yake, maana anayekufa naye anaweza kuwa amemwona mshambuliaji gizani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote haukutoka katika mahakama zetu za kawaida, ingawa ulitokea hapa hapa Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa katika jengo la AICC, na tarehe 2 Septemba 1998 ilitoa hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa komuni ya Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Wengi wanaikumbuka kwa hilo. Msomaji wa ushahidi huikumbuka pia kwa kurasa chache zinazozungumzia namna majaji walivyowasikiliza mashahidi. Mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, aliwaeleza kwamba katika jamii yenye mapokeo ya masimulizi, mtu huweza kusimulia tukio kana kwamba aliliona, kumbe amelipokea kwa jirani. Jaji mvivu angeweza kuchukua maelezo hayo na kuwatupilia mbali mashahidi wote: hawa ni watu wa hadithi, hawajui tofauti. Majaji Laïty Kama, Lennart Aspegren na Navanethem Pillay hawakufanya hivyo. Waliona kwamba Mnyarwanda, kama binadamu mwingine yeyote, akiulizwa vizuri hutenganisha alichokiona na alichoambiwa, basi wakafanya bidii ya kuuliza. Hilo ndilo ninaloliita ufundi. Kuuliza umejuaje hakukuwa kuwadharau wale waliotoka kwenye makaburi ya ndugu zao. Maneno yao yalipopita katika maswali hayo ndipo yalipopata uzito ambao hakuna wakili wa utetezi aliyeweza kuupeperusha.

Huku kwetu mlimani tulikuwa na njia zetu za kumaliza ugomvi, na bado tunazo. Mwanaanthropolojia Philip Gulliver aliishi na Waarusha mwishoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake cha mwaka 1963 kinaeleza vikao vya rika na vya ukoo, na kazi ya malaigwanani wanaosemea watu wao. Lengo la kikao ni mapatano. Watu wakubaliane, waendelee kupanda mahindi upande huu na upande ule wa mfereji. Hiyo ni hekima, na nimeona wazee wakiokoa familia ambazo mahakama ingezivunja. Ila kikao kina udhaifu ambao Gulliver naye aliuona: kwenye mapatano, mwenye watu wengi nyuma yake ana nguvu kuliko asiye na watu. Mjane aliyeolewa kutoka mbali anakaa peke yake upande mmoja wa mti, na ukoo mzima unakaa upande wa pili. Sasa fungua Sheria ya Ushahidi utafute kifungu kifupi kinachosema hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayohitajika kuthibitisha jambo. Shahidi mmoja anayeaminika anatosha. Watu kumi wanaorudia maneno ya mtu wa kumi na moja hawaongezi kitu. Ni kifungu kinachosomwa haraka darasani kwa kuwa hakina utata, na mimi sijui kifungu kingine kinachomjali zaidi mtu asiye na ukoo nyuma yake.

Tena sheria haimpi huyo shahidi mmoja imani ya bure. Mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu sana, na kwamba usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Kisha ikashuka kwenye mambo ambayo fundi yeyote wa ukweli angeyauliza: ulimwangalia kwa muda gani, kutoka umbali gani, ilikuwa mchana au usiku, kama ni usiku kulikuwa na mwanga gani, na je, ulikuwa unamjua kabla? Tangu hapo majaji hawaridhiki shahidi akisema tu kwamba kulikuwa na taa. Wanataka kujua ilikuwa koroboi au ya umeme, ilikaa wapi, iling'aa kiasi gani. Aliyekulia kwenye nyumba ya koroboi anajua kwa nini maswali hayo yanaokoa watu na kifungo cha miaka thelathini.

Lakini kama ningeambiwa nichague hukumu moja ya kumpa kijana anayeanza somo hili, nisingempa hiyo. Ningempa Nizar Ladak dhidi ya Gulamali Janmohamed, ya mwaka 1980 pia, ambayo kila anayeendesha kesi za ardhi anapaswa kuijua. Swali lake ni dogo: hakimu aende kuliona eneo linalogombaniwa, au asiende? Mtu wa kijijini atajibu bila kufikiri kwamba aende, kwani nani asiyetaka hakimu ayaone masale yaliyopandwa mpakani, aone mfereji ulivyohamishwa? Mahakama ya Rufani ilisema hapana, asiende ovyo. Aende tu pale inapolazimu, kwa sababu akienda anaweza, bila yeye mwenyewe kujua, kuacha kuwa mwamuzi akawa shahidi. Atarudi na picha kichwani ambayo hakuna aliyemwapisha juu yake wala atakayemhoji. Na akilazimika kwenda, aende na pande zote mbili, na mawakili wao kama wapo, na mashahidi wanaohusika. Anachokiona na kuelezwa kiandikwe. Wakirudi mahakamani yale maandishi yasomwe kwa sauti mbele ya wote, na anayepinga apinge.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikipita kando ya mashamba kati ya Ngaramtoni na Olmotonyi. Mtu mwenye mamlaka yote ya chumba kile, mwenye kiti cha juu na muhuri, sheria inamwambia: hata macho yako tunayaogopa. Ukiona kitu peke yako, hujakiona. Kwingineko mkubwa akija shambani, akatazama, akatikisa kichwa, mambo yamekwisha. Mahakamani mkubwa akitazama, lazima aseme ametazama nini, na mkulima mwenye viatu vya matairi ana haki ya kusimama na kumwambia, mheshimiwa, hukuona vizuri, sale lile lilipandwa mwaka jana. Rufaa nyingi za ardhi zimerudishwa chini zikaanze upya kwa sababu hakimu alikwenda shambani na daftari lake halikusomwa. Wananchi hukasirika, na mimi naelewa hasira yao, maana nauli na miaka imepotea. Bado naona Mahakama ya Rufani ilikuwa sahihi.

Roho hiyo hiyo imo katika kanuni ya kesi ya Robinson Mwanjisi ya mwaka 2003 kuhusu nyaraka: ipokelewe kwanza kama kielelezo, ndipo isomwe, na isiposomwa inaondolewa kwenye kumbukumbu, hata kama ni maelezo ya onyo ambamo mshitakiwa alikiri kila kitu. Imo katika kesi ya Paulo Maduka, inayodai kila mkono uliopitishiwa kielelezo ujulikane, kuanzia kilipokamatwa mpaka kilipowekwa mezani kwa hakimu; ingawa kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi, kama meno ya tembo, mahakama imelegeza. Na tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi tu kusema kweli na si uongo. Ahadi ya mtoto wa miaka saba imepewa nafasi katika sheria za nchi, nayo ikisahaulika kuandikwa, ushahidi wake unaweza kuanguka. Hapo waendesha mashtaka wasicheze hata kidogo.

Yapo ninayoyalalamikia. Mwananchi wa Ngaramtoni anapogombana na jirani yake, mara nyingi huanzia mahakama ya mwanzo, na huko Sura ya 6 haitumiki kabisa. Zinatumika kanuni fupi za mwaka 1964, zilizoandikwa kwa lugha rahisi kwa makusudi, kwa ajili ya mtu asiye na wakili. Ningetegemea shule za sheria zianze nazo. Hazianzi nazo; mwanafunzi anaweza kuhitimu akiwa amebobea katika kesi za Uingereza za karne ya 19 bila kuzifungua hata mara moja. Pia, tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, na Jaji Zephrine Galeba alikuwa ameshaonyesha Musoma kwamba uamuzi wa Mahakama Kuu unaandikika kwa Kiswahili na ukaeleweka. Vitabu vya kufundishia ushahidi vimechelewa. Kijana anajifunza kwa Kiingereza kanuni atakayoitumia kumuuliza bibi mmoja swali kwa Kiswahili, bibi ambaye naye anafikiri kwa Kimaasai. Katika safari hiyo ya lugha tatu ndipo "niliona" hugeuka "ilionekana", na mtu anafungwa. Walimu wa sheria wa Makumira, Dar es Salaam, Lushoto na kwingineko, tuandikieni vitabu hivyo. Majaji wameshawapa nyenzo.

Nawe msomaji usiye mwanasheria, usisubiri vitabu. Milango ya mahakama iko wazi kwa umma, na hukumu za Mahakama ya Rufani zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Anza na Waziri Amani, kisha Nizar Ladak. Halafu nenda kakae kwenye benchi la nyuma asubuhi moja, usikilize jinsi shahidi anavyoulizwa.