Nani Atazoa Taka Baada ya Mapinduzi?

Katika madarasa yetu ya siasa mjadala wa sanaa huishia mara nyingi kwenye swali moja: je, sanaa hii ni ya mabwanyenye au ni ya wafanyakazi? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Kazi za Mierle Laderman Ukeles, mwanamke wa Marekani aliyezaliwa Denver mwaka 1939, zinatulazimisha kuuliza la pili: je, sisi tunaosema kwa niaba ya mfanyakazi tunaiona kazi yake? Kazi hizo, za karibu miaka 50, zilikusanywa pamoja katika jumba la makumbusho la Queens, New York, kuanzia Septemba 2016 hadi Februari 2017. Maonyesho hayo yanastahili kuchambuliwa na kila kada.

Mwaka 1969, baada ya kupata mtoto wake wa kwanza, Ukeles aliandika ilani. Alikuwa msanii, alipokuwa mama akaona siku nzima inakwisha kwa kufua, kupika na kubadilisha nepi. Katika ilani hiyo aligawa kazi za binadamu sehemu mbili: kuendeleza, yaani kubuni kilicho kipya, na kutunza, yaani kukifanya kilichopo kiendelee kuishi. Anayeendeleza husifiwa. Anayetunza hulipwa kidogo, na akiwa mama wa nyumbani halipwi kabisa. Kisha akauliza swali ambalo mwanamapinduzi hana haki ya kulikwepa: mapinduzi yakishapita, Jumatatu asubuhi nani atazoa taka?

Sanaa yake huitwa sanaa ya dhana, kwa sababu uzito wake uko katika wazo, si katika uzuri wa kitu kilichochorwa au kuchongwa. Tuchukue mfano. Mwaka 1973, katika jumba la makumbusho la Wadsworth Atheneum mjini Hartford, alipiga deki ngazi na sakafu mbele ya watazamaji. Mle ndani kulikuwa na kabati la kioo lenye maiti ya kale iliyohifadhiwa. Kwanza mfanyakazi wa usafi alilifuta, kama kawaida yake. Kisha Ukeles akalifuta, akatangaza kuwa ufutaji wake ni sanaa. Tangu hapo kabati likahesabiwa kuwa kazi ya sanaa, na aliyeruhusiwa kulisafisha akawa mtaalamu wa uhifadhi peke yake. Kioo ni kilekile na vumbi ni lilelile. Kilichobadilika ni cheo cha aliyeshika kitambaa. Mihadhara mingi juu ya matabaka haijaeleza jambo hili waziwazi namna hii.

Kazi yake kubwa zaidi ilianza Julai 1979, ikaisha Juni 1980. Alizunguka kanda zote 59 za usafi za jiji la New York, akamshika mkono kila mmoja wa wazoa taka 8,500, akimshukuru kwa kulifanya jiji liendelee kuishi. Katika maonyesho ya Queens, njia aliyopita ilionyeshwa kwa taa juu ya mfano mkubwa wa jiji hilo.

Hapa ndipo uhakiki wetu hauna budi kuwa mkali. Shukrani si mshahara. Kushikana mikono hakubadilishi nani anamiliki nini, wala nani anaamua. Februari 1968 wazoa taka wa jiji hilohilo waligoma kwa siku 9. Taka zikarundikana mitaani, na wakazi wakatambua, bila kufundishwa na msanii, ni nani anayeliweka jiji lao hai. Tena kuna hatari: tajiri anaweza kuisifu picha ya mfagiaji iliyo ukutani huku akimpunja mfagiaji wa ofisi yake mwenyewe.

Hata hivyo, tukiishia hapo tutakuwa tumekosea. Mgomo hudai malipo, na ni haki; lakini dharau haiondoki kwa nyongeza ya mshahara peke yake. Wazoa taka walimweleza Ukeles matusi waliyotukanwa kazini, na mwaka 1984 aliyaandika matusi hayo kwenye vioo vya jumba la sanaa, akawaita watu waje kuyafuta. Wala yeye hakutazama kwa mbali: tangu 1977 alikuwa msanii wa Idara ya Usafi ya jiji, bila mshahara. Huo ndio ukinzani mkubwa wa maisha yake, kwamba mtetezi wa kazi isiyolipwa naye hakulipwa.

Kwetu sisi swali la Jumatatu asubuhi bado halijajibiwa. Mimi mwenyewe nimefundisha heshima ya kazi kwa miaka mingi, katika darasa lililofagiliwa kabla sijaingia, na sikuwahi kuuliza jina la aliyelifagia. Kumbukumbu za mikutano yetu huandika majina ya wasemaji wote. Za aliyepanga viti na kuosha vikombe haziandiki neno. Kujikosoa kusiwe maneno matupu. Darasa lijalo na lianze na maswali matatu: nani amesafisha chumba hiki, analipwa kiasi gani, na kwa nini hayumo katika mjadala wetu? Kada asiyeweza kujibu hayo asiharakishe kufungua sura ya nadharia ya kazi.