Shujaa Yule Yule, Mapato Tofauti: Taharuki na Mauzo ya Tiketi za Filamu za Marvel

Sehemu hii inahakiki swali ambalo kwa kawaida hujibiwa haraka mno: ni kitu gani hasa kinachozifanya filamu za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida ziuze tiketi kwa wingi? Jibu lililozoeleka miongoni mwa wanafunzi wa fasihi ni shujaa mwenyewe. Hudaiwa kwamba Captain America ni ndugu wa Fumo Liyongo, kwamba binadamu wa kila zama humhitaji jabali wa kumkinga na maovu, na kwamba Hollywood imekiuza upya kisasili cha kale kwa teknolojia mpya. Hoja hii ina ukweli wake kuhusu maudhui. Kuhusu mapato haielezi kitu, kwa kuwa kisasili hakibadiliki baina ya mwaka mmoja na mwingine, ilhali mapato hupanda na kuporomoka. Thor ni mungu halisi wa visasili vya Skandinavia, lakini filamu yake ya kwanza (2011) ilipata takriban dola milioni 449 duniani kote. Iron Man, mtengenezaji wa silaha asiye na kisasili chochote nyuma yake, alikuwa amekwisha kupata takriban milioni 585 mwaka 2008.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa mhusika mmoja. Captain Marvel, iliyotoka Machi 2019, ilipata zaidi ya dola bilioni 1.1. Filamu iliyoendeleza kisa chake, The Marvels ya Novemba 2023, ilipata takriban milioni 206, ambacho ni kiwango cha chini kabisa katika mfululizo mzima. Mwigizaji ni yule yule, Brie Larson, na nguvu za mhusika ni zile zile. Ikiwa shujaa ndiye anayeuza, tofauti hii haina maelezo.

Uhakiki huu unadai kwamba kilichouzwa mwaka 2019 ni taharuki, tena taharuki iliyowekewa tarehe. Avengers: Infinity War ya Aprili 2018 ilimalizika kwa nusu ya viumbe hai kugeuka vumbi. Baada ya majina yote kupita kwenye kiwambo, Nick Fury anaonekana akituma ujumbe kwa peja kabla naye hajatoweka, na kwenye kifaa hicho inatokea nembo ya shujaa ambaye filamu zilizotangulia hazikuwa zimemleta. Hadhira ilitoka ukumbini na maswali mawili: huyu ni nani, na waliopotea watarudije? Jibu la swali la kwanza lilitolewa Machi 2019, na la pili Aprili mwaka huo huo katika Avengers: Endgame. Tiketi ya Captain Marvel ilikuwa sehemu ya bei ya kulipata jibu la Endgame. Kusema hivyo si kuibeza filamu yenyewe.

Mbinu hii si ngeni kwetu. Mtambaji hodari huikatiza ngano pale hasa hadhira inapotega sikio, na hadithi za mfululizo magazetini zimeishi kwa mbinu hiyo hiyo. Upya wa Marvel ni kuiendeleza kwa miaka 11 na filamu 22, tangu onyesho fupi la mwisho katika Iron Man, na kuweka mlango wa malipo kila hadithi inapokatizwa. Endgame ilipata takriban dola bilioni 1.2 katika mwisho wa juma wake wa kwanza, kati ya jumla ya takriban bilioni 2.8. Wakurugenzi wake, ndugu Russo, waliwaomba watazamaji hadharani wasiwafichulie wengine kisa. Ombi hilo lilikuwa la adabu, na lilikuwa pia tangazo la biashara: aliyechelewa kwenda angesimuliwa.

The Marvels iliikosa nguvu hiyo kwa njia mbili. Kwanza, deni la Infinity War lilikuwa limekwisha kulipwa, na hapakuwa na swali jipya la uzito ule. Pili, mwingilianomatini uligeuka mzigo. Wawili kati ya mashujaa wake watatu, Monica Rambeau na Kamala Khan, walikuzwa katika tamthilia za WandaVision na Ms. Marvel, zilizoonyeshwa katika huduma ya kulipia ya Disney+. Mtazamaji wa kawaida alijiona kama mwanafunzi anayeingia kwenye mtihani bila kuvisoma vitabu vya kiada. Zaidi ya hayo, huduma hiyo hiyo ilikuwa imemzoesha kuamini kwamba filamu itamfuata nyumbani, na taharuki isiyo na tarehe haimtoi mtu kitini.

Inaweza kupingwa kwamba mgomo wa waigizaji wa Marekani uliwazuia wahusika wakuu kuitangaza filamu. Pingamizi hili ni la haki, lakini mgomo uliisha tarehe 9 Novemba, siku moja kabla ya filamu kutoka nchini humo, na bado mapato ya mwisho wa juma wa pili yalishuka kwa takriban asilimia 78. Zaidi ya nusu ya mapato yake ya Amerika Kaskazini yalipatikana katika siku tatu za kwanza. Walioendelea kuufuata mfululizo walikwenda mara moja, wengine hawakufuata.

Filamu inayoitia dosari hoja hii ni Black Panther (2018) ya Ryan Coogler, na haifai kuipita kimya. Kisa chake kinajitegemea kwa kiasi kikubwa, wala hakikumwachia mtazamaji swali zito. Hata hivyo ilipata takriban milioni 700 Amerika Kaskazini, zaidi ya milioni 678 za Infinity War katika eneo hilo hilo, mwaka huo huo. Mwendo wa mapato nao ni tofauti: siku tatu za kwanza zilileta takriban asilimia 29 ya mapato ya eneo hilo, wakati kwa Endgame zilileta takriban asilimia 42. Anayekimbizwa na taharuki huja mapema. Hadhira ya Black Panther iliendelea kuja kwa majuma mengi, na ni vigumu kuueleza mwendo huo bila kukubali kwamba wengi walirudi au walileta jamaa zao. Hapa nguvu ya mhusika inaonekana, ila si nguvu ya jabali anayewakinga watu wote. T'Challa anaonyeshwa pamoja na mama yake, dada yake, walinzi wake wa kike na binamu anayemdai kiti, na watazamaji weusi wa Marekani waliiona jamii hiyo nzima katikati ya filamu ya gharama kubwa, mahali ambapo walikuwa wamezoea kupewa nafasi ya rafiki wa shujaa.