Sinema Iliyosimuliwa kwa Kiswahili, Ikaandikwa kwa Kiingereza

Kwa miaka mingi idara zetu zimeihesabu fasihi ya Kiswahili kwa tanzu zilezile: riwaya, tamthilia, ushairi na fasihi simulizi. Sinema haimo. Ndiyo maana tuliposoma kitabu cha Laura Fair, Reel Pleasures, kilichotolewa na Ohio University Press mwaka 2018, tulifurahi na kuona haya kwa wakati mmoja. Kitabu hicho kinaeleza historia ya majumba ya sinema na watazamaji wake katika miji ya Tanzania. Katika makala haya hatukusudii kukipitia chote. Tutashika jumba moja tu, Majestic ya Vuga, Unguja, ili tuulize swali linalotuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili huku Uganda: je, historia hii imeandikwa katika lugha iliyosimuliwa?

Kwanza jumba lenyewe. Mwaka 1921 lilifunguliwa mahali hapo jumba lililoitwa Royal, mali ya Hassanali Adamji Jariwalla, mmoja wa waanzilishi wa biashara ya sinema Unguja. Mchoro wake ulikuwa wa John Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyesanifu majengo kadhaa ya mji huo. Jengo hilo liliteketea kwa moto mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mahali pake likajengwa Majestic, mwaka 1955, kwa mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba ya sinema ya Zanzibar yaliingia mikononi mwa serikali. Kisha ikaja televisheni ya rangi katika miaka ya 1970, zikafuata kanda za video na uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ya 1980. Mji Mkongwe ulipoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, enzi ya foleni za tiketi ilikuwa imekwisha pita.

Nguvu ya kitabu cha Fair ni kwamba hakihesabu matofali. Kinawatazama watu waliokaa vitini. Kinatuonyesha maonyesho ya wanawake peke yao, familia zilizovaa nguo nzuri Jumapili, na wenye majumba waliolazimika kujua ladha ya wateja wao la sivyo wafilisike. Hasa kinatuonyesha kwamba mtazamaji hakuwa chombo kitupu cha kumiminiwa mambo ya kigeni. Mfano ni filamu ya Kihindi Awara, ya mwaka 1951. Humo jaji anashikilia kwamba mwana wa mwizi lazima awe mwizi, na mwana wa mtu mwema lazima awe mwema. Anamfukuza mkewe mjamzito, na mtoto wake mwenyewe anakulia mitaani akawa mhalifu. Watu wa Unguja waliitazama filamu hiyo katika lugha ambayo wengi wao hawakuisema, wakatoka wakijadili nasaba, malezi na mapenzi kwa Kiswahili chao. Hoja hii tunaiunga mkono kikamilifu. Mwanafunzi anayedhani kwamba maana ya kazi ya sanaa hukaa ndani ya kazi peke yake akisome kitabu hiki.

Hata hivyo, upungufu tunaouona ni wa lugha. Waliosimulia walisimulia kwa Kiswahili, nasi tunawasoma kwa Kiingereza. Hili si jambo dogo. Tuchukue mifano yetu wenyewe. Mzee wa Unguja akisema "sinema ilijaa", "sinema iliungua" na "sinema ilitutoa machozi", ametumia neno moja kwa mambo matatu: watu waliokusanyika, jengo, na hadithi. Kwake mambo hayo hayakutengana. Mfasiri wa Kiingereza, kwa kawaida, hulazimika kuchagua neno tofauti kila mara, na umoja ule ukavunjika. Aidha, bibi anayesema "twalikwenda" na mjukuu wake anayesema "tulikwenda" watatokea sawasawa katika tafsiri. Umbo la zamani la kitenzi, linalomwambia mwanaisimu kitu kuhusu umri na mtaa wa msemaji, limepotea.

Yafaa ieleweke kwamba hatumlaumu mwandishi. Yeye alijifunza Kiswahili, akaenda, akaketi na wazee, akasikiliza. Sisi tuliozaliwa karibu na bahari hiyo, na tuliosomea shahada zetu hatua chache kutoka kwenye majumba hayo ya sinema, tulikuwa wapi? Tulikuwa tukichambua riwaya ileile kwa mara ya ishirini. Mtu aliyetoka Majestic usiku na kuisimulia filamu nzima, pamoja na nyimbo zake, kwa ndugu waliobaki nyumbani, alikuwa fanani kamili mbele ya hadhira kamili. Tumewafundisha wanafunzi istilahi hizo mbili kila muhula, lakini hatukumtambua fanani huyo alipopita mbele yetu.

Wengine watasema kwamba hayo ni mambo ya pwani. Hapana. Hapa Kampala jengo lililokuwa Norman Cinema liligeuzwa kuwa kanisa katika miaka ya 1980, na wanafunzi wetu hulipita bila kujua lilikuwa nini. Vibanda vya video vimejaa wasimulizi wanaofasiri filamu za kigeni papo hapo kwa Kiluganda, kama wenzao wa Tanzania wafanyavyo kwa Kiswahili. Kazi ya msimulizi huyo na ya yule wa Unguja ni ya ukoo mmoja. Somo la fasihi linganishi lingeweza kuanzia hapo.

Tunatoa wito ulio mwepesi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu amtafute mzee mmoja aliyewahi kwenda sinema, awe wa Kampala, Mombasa au Unguja. Amwombe asimulie filamu moja anayoikumbuka, amrekodi, kisha aandike maneno yake kama yalivyo, bila kuyanyoosha yawe sanifu. Hatuhitaji ruzuku kwa kazi hiyo, bali adabu na uvumilivu wa kusikiliza. Kijana aliyekata tiketi ya Majestic mpya mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 15, leo amepita miaka 80. Jengo likianguka, mchoro wake waweza kupatikana. Mzee huyo akiondoka kabla hatujamfikia, tutabaki kumsoma kwa Kiingereza, tukimfasiri upya kwa lugha iliyokuwa yake tangu mwanzo.