Kisu cheusi cha dola nane

Ndugu wahitimu, leo sileti habari ya kazi wala ya minerval. Leo ni habari ya kisu.

Najua wengine watacheka. Lakini kila mara mwenzetu anapopata kazi huku Manguredjipa, iwe ya ualimu, ya kakao ao ya kituo cha afya, swali lile lile linaingia katika simu yangu: "Yaya, ninunue kisu gani ya kutembea nayo?" Kisha inafuata picha. Ni kisu cheusi cha kukunja, kina klipu ya kukishika mfukoni, ncha yake imekatwa kama patasi, nusu ya makali ni meno ya msumeno, na juu ya bapa kumeandikwa maneno ya jeshi kwa Kiingereza. Bei ni dola nane. Wauza vyuma wa Butembo wanavipanga karibu na matochi, na tuseme ukweli, vinapendeza macho.

Jibu langu ni refu kwa sababu mimi pia nilikinunua. Niko agronomu, wengi wenu mnajua. Ninafuata mashamba ya kakao ya Bapere, na kutoka Butembo mpaka huku ni kama kilomita 100 ambazo mvua ikinyesha zinaweza kukulaza njiani. Nilikaa na kile kisu miezi minne. Kwa hiyo ninayoandika hapa si wivu wa mtu asiyekuwa nacho.

Kwanza tujiulize kisu kinafanya nini huku kwa siku moja. Asubuhi kinakata kamba ya mzigo kwenye moto. Shambani kinapasua sasheti ya mche, kinaondoa machipukizi yanayonyonya shina, kinafungua tunda jeusi ili tuone ugonjwa umefika wapi ndani. Saa sita kinamenya chungwa ao muhogo. Jioni kinakata kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu ili kufunga kitu kilichovunjika, maana huku kila kitu kinafungwa na mpira. Basi. Na hata kakao yenyewe haikihitaji sana: tunda zuri linapasuliwa kwa rungu la mti, si kwa makali, sababu mbegu iliyokatwa inaota ukungu na inaharibu zingine katika kuchachusha. Nimerudia jambo hili mbele ya wakulima mpaka sauti imekauka.

Sasa kisu cheusi mbele ya hizo kazi.

Chuma chake kimeandikwa "440". Namba hiyo peke yake haisemi kitu. Kuna 440A, 440B na 440C, na tofauti yake ni kiasi cha kaboni, yaani ndicho kinachofanya makali yakae. Mtu anayeandika namba bila herufi hana haraka ya kukuambia amekuuzia nini. Visu vingi vya bei hiyo vinatengenezwa kwa chuma laini cha Kichina kama 3Cr13, chenye kaboni ya asilimia 0.3 hivi na kromiamu asilimia 13. Kromiamu inazuia kutu, na hapo sitakisingizia: miezi minne ya unyevu wa msitu, kutu sikuiona. Lakini makali yalikuwa yanakufa kabla ya saa sita. Unanoa asubuhi, unakata kamba tatu za nailoni, muhogo unaanza kupasuka badala ya kukatika.

Ukitaka kunoa tena, utapambana na yale meno. Jiwe letu la kunolea ni bapa. Meno yanadai tupa nyembamba ya mviringo, uingie jino moja moja, na nani ana hiyo tupa hapa? Kwa hiyo nusu ya kisu inakuwa butu siku ya kwanza na inabaki butu milele. Ile ncha ya patasi nayo, wanaoiuza wanaisifu kwamba inatoboa kitu kigumu bila kuvunjika. Inawezekana. Mimi katika miezi minne sikutoboa kitu kigumu hata kimoja. Nilimenya machungwa, na kwa chungwa unahitaji makali yenye tumbo la mviringo.

Kufuli ndiyo iliyonitoa damu. Ndani ya mpini kuna kibamba chembamba kinachoruka pembeni na kusimama nyuma ya bapa ili lisijifunge. Mpango wenyewe ni mzuri kama kibamba ni kinene na kimekaa sawa. Changu kilikuwa kama kifuniko cha sardini. Tope la njia likaingia ndani, kibamba hakikufika mahali pake, nikasukuma kidogo, kisu kikajifunga juu ya kidole cha shahada. Alama ninayo bado. Kabla ya kununua kisu chochote cha kukunja, kifungue, shika mpini mbali na vidole, gonga mgongo wa bapa mara mbili juu ya mbao. Kikijifunga, mrudishie muuzaji na usibishane juu ya bei.

Kuna jambo moja hapa linanichekesha. Ile klipu na lile tundu la kufungulia kwa kidole gumba havikuzaliwa jeshini. Kampuni ya Marekani inayoitwa Spyderco ilivitoa pamoja kwenye kisu chake cha kwanza cha kukunja mwaka 1981, na kisu hicho kiliitwa Worker, yaani Mfanyakazi. Kilikuwa cha mtu ambaye mkono mmoja umeshika kitu na mwingine unahitaji kukata. Mimi mwenyewe juu ya ngazi, tawi katika mkono wa kushoto, nilikishukuru kile kisu cheusi kwa hilo. Baadaye ndipo soko lilichukua wazo la mfanyakazi, likalipaka rangi nyeusi, likaandika juu yake maneno ya jeshi. Sisi tunalipia rangi na maneno. Chuma chenyewe kinakuja kama nyongeza.

Haya yote ni makosa ya kifaa, na mtu angeweza kuyavumilia kwa dola nane. Kosa lingine si la kifaa.

Ilikuwa karibu saa kumi na moja jioni, ninarudi Butembo. Kwenye bariera moja, watu wenye silaha, sitasema wa upande gani, walitushusha kwenye moto. Klipu ilikuwa inang'aa nje ya mfuko, maana hiyo ndiyo kazi ya klipu. Mmoja akakivuta. Akakifungua kwa kidole gumba, tak! Akasoma yale maandishi polepole.

"Weye uko mu kundi gani?"

Nikasema niko agronomu, natumika na wakulima wa kakao.

"Agronomu anakata kakao na kisu ya kisoda?"

Nimesoma maoni mengi ya watu juu ya visu katika simu, yenye picha na vipimo. Hakuna aliyekihakiki kile kisu vizuri kuliko huyo mtu. Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa: hapana, hakikati kakao, na hakikati kitu kingine vizuri. Waliniketisha pembeni mpaka giza likaingia. Aliyeniokoa ni dereva wa moto, ambaye wanamjua. Na sikilizeni: huyo dereva alikuwa amefunga mupanga mrefu kama mkono wangu ubavuni mwa moto, wa kufyekea njia miti inapoanguka. Hakuna aliyemuuliza. Mupanga wake ulikuwa na tope, mpini umefungwa na mpira, na kila mtu aliona kazi yake.

Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi. Barabarani watu wanasoma mwili wako kabla ya kusoma karata yako ya uchaguzi: viatu, suruali, mfuko, kitu kinachoning'inia. Kijana wa miaka 25 mwenye kisu kinachofanana na cha askari anajieleza vibaya kwa kila upande. Kama wenye bariera ni wa serikali, anafanana na mtu wa msituni. Kama ni wa msituni, anafanana na mtu wa serikali. Wanaotengeneza hivi visu wanafikiria mnunuzi anayetembea mahali ambapo kuonekana kama askari ni mchezo.

Tusidanganyane juu ya sababu ya kuvinunua. Ni woga, na woga wenyewe una haki. Beni inazika watu waliouawa kwa mapanga na mashoka tangu Oktoba 2014. Juni 2024 ikafika kwetu Bapere, tukasikia habari ya Mayikengo, na tangu siku hizo nani analala usingizi wa zamani? Nilinunua kisu changu baada ya hapo. Nilijiambia ni cha kazi. Usiku nilikuwa nakiweka chini ya mto. Lakini wanaokuja usiku wanakuja wengi na wanakuja na bunduki, na bapa la sentimita 8 lenye kufuli ya sardini halina neno la kusema pale. Watu ninaowajua waliopona, walipona kwa sababu jirani alipiga simu, ao walijua kijia, ao walikimbia mapema na kuacha sufuria motoni. Kisu kinachokufanya ubaki dakika tano zaidi ndani ya nyumba ni kisu kibaya, hata kama chuma chake ni kizuri.

Basi ninunue nini, utauliza.

Kama unataka cha kukunja, mimi naanza na Okapi. Rafiki aliniletea kimoja kutoka Afrika Kusini. Mpini wa mti wenye mwezi na nyota za chuma, bapa refu la chuma cha kaboni, na pete mgongoni unayoivuta ili kukifunga. Kinafunguka kwa sauti, kra-kra-kra, kama mtu anayekaza saa ya zamani. Jina hilo ni letu. Mnyama okapi anaishi katika msitu wa Ituri, jirani yetu wa kaskazini, na hifadhi yake ya Epulu iliingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1996. Wambuti walimjua tangu zamani. Wataalamu wa Ulaya wakamwandika mwaka 1901, na mwaka 1902 Wajerumani wa Solingen walikuwa tayari wanatengeneza kisu chenye jina lake ili kukiuza katika makoloni yao ya Afrika. Mwisho wa miaka ya 1980 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini. Kisu chenyewe ni rahisi, kinanoleka kwenye jiwe lolote, kinashika makali. Dosari zake: kinapata kutu ukikisahau usiku mmoja na utomvu wa ndizi juu yake, bapa linatikisika kidogo, na ile sauti si ya kupigwa mbele ya bariera. Huko Afrika Kusini wahuni wamekichafulia jina, kwa hiyo hata kisu cha mkulima kinaweza kusomwa vibaya mahali pengine. Hapa kwetu bado kinafanana na kisu cha mzee.

Opinel ya Wafaransa, ile ya mpini wa mti iliyoanzishwa na Joseph Opinel huko Savoie mwaka 1890, ni nzuri pia. Namba 8 inatosha, bapa lake ni sentimita 8.5, na pete ya kufungia, waliyoiongeza mwaka 1955, haidanganyi kama kile kibamba changu. Ila mpini unakunywa maji. Msimu wa mvua mti unavimba na kisu kinakataa kufunguka. Na za kuiga ni nyingi kuliko za kweli.

Lakini kwa pesa yetu, chaguo langu la kweli ni kisu kisichokunjwa cha fundi wa kufua vyuma, kilichotoka kwenye resori ya gari. Chuma cha resori kina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, kinakubali kukazwa kwa moto. Angalia tu asikupe kipande cha ferabeto, ile ya nguzo za nyumba, ambayo kwa kawaida ina kaboni kidogo na itabaki laini hata uichome namna gani. Mwambie akuonyeshe resori kabla hajaanza. Bapa lisizidi urefu wa kiganja. Chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho, na misumari miwili ya kukifunga. Mafundi wetu wana kosa moja, wamezoea mapanga, kwa hiyo watakufanyia kisu kinene kama mupanga mtoto. Simama pale, omba apunguze mpaka unene wa milimita 3. Kikiisha, pitisha tupa kwenye makali. Tupa ikiteleza, kimekazwa. Ikiuma kama inauma msumari, mrudishie. Na kama amekichovya majini na kukuachia hivyo bila kukirudisha motoni kidogo, makali yatavunjika vipande vipande kama kioo.

Changu nililipa franka zisizofika nusu ya zile dola nane, pamoja na ala ya mpira. Hakikai kiunoni. Kinakaa ndani ya begi, katika kitambaa kimoja na sekateri, utepe wa kupimia na daftari lenye madoa ya kakao. Nimefunguliwa begi mara nyingi tangu hapo. Wanatoa kimoja kimoja, wanatazama, wanarudisha.

Kile cheusi nimemwachia mama mwenye nyumba ninakopanga. Anakitumia kukwangua masizi chini ya sufuria. Anasema yale meno ni mazuri sana kwa kazi hiyo.