Muhuri Uliotoroka Ofisini

Mtu wa Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, huujua uzito wa muhuri kabla hajajua kusoma. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, karatasi ya kiwanja: vyote ni maneno matupu mpaka lile duara la bluu ligongwe chini yake, na kulipata kunaweza kumla mtu mwenye shughuli zake asubuhi nzima. Mwambao huu umesubiri mihuri sana. Waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 kwenda Kigoma, Tanzania, wakapelekwa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, walilea watoto wao kwa karatasi za kugongwa mihuri. Waliporudi, wengi wao kuanzia mwaka 2008, walikuta mashamba ya michikichi yana wenyewe wengine, na kila upande ukaenda na karatasi zake mbele ya tume ya ardhi, ile CNTB iliyoundwa mwaka 2006.

Ndiyo maana naupenda muhuri usio na amri yoyote: ule unaochongwa kwenye soli ya kandambili, ukapakwa wino, ukagongwa juu ya kadi kusema Idi Mubarak, Noeli njema, au pole kwa msiba. Huo haumruhusu mtu kitu, wala haumnyimi. Unasalimu tu. Sidai kwamba Rumonge ni mji wa watengeneza kadi. Ni mji wa mawese na ndagala, dagaa wa ziwa hili, na atakayekuja kutafuta karakana ya kadi ataambulia vumbi. Nasema tu kwamba vifaa vyote vya ufundi huu vimelala pale mtaani, na kwamba wachache wanaoufanya, mezani kwao, baada ya kazi inayowalisha, wanafanya jambo la maana.

Tuanze na soli. Nzuri ni ya kandambili iliyokwisha kazi, iliyokanyagwa hadi ikashindiliwa, hasa pale kisiginoni. Soli mpya ni laini mno: ukingo wake hubonyea unapogonga, na mstari uliouchonga mwembamba hutoka mnene. Mchoro huchorwa kwa penseli laini juu ya karatasi nyepesi, karatasi ikapinduliwa juu ya soli, kisha mgongo wa kijiko ukasugua hadi risasi ya penseli ihamie kwenye mpira. Hapo picha imejigeuza yenyewe, na ikigongwa itageuka tena na kurudi ilivyokuwa. Wanaotaka kuandika kinyume kwa kichwa wanajitafutia taabu. S na N zimewaumbua wengi. Herufi za Kiarabu zina mzaha wake: zikiwa juu ya soli hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, na mwalimu wa madrasa akipita hapo atauliza ni Kiarabu cha wapi hicho.

Wembe hugawanywa nusu, upande mmoja ukafungwa kitambaa, na unapokata huinamishwa ili kila mstari uwe na kitako kipana kuliko kichwa chake. Anayekata wima, au mbaya zaidi akachimba kuingia chini ya mstari, atapata muhuri mzuri wa siku moja. Kesho yake kingo zimeng'oka. Kazi hii haina kifutio. Kilichotoka kimetoka, na mchongaji hujikuta akifikiri zaidi juu ya kile atakachokiacha kuliko kile atakachokiondoa.

Samaki wa kuanzia ni ndagala. Mukeke, naye samaki wa ziwa hili, ana umbo la fahari, lakini ndagala anahitaji mistari miwili inayokutana, mkia wenye panda na tundu la msumari kwa jicho. Magamba yaachwe. Ukimgonga mmoja katikati ya kadi, umepata samaki wa kitabu cha shule. Ila paka wino mara moja, ugonge mara nne au tano bila kupaka tena, kila mara ukiugeuza muhuri kidogo: wa kwanza anatoka mweusi tii, wa mwisho ni kivuli cha kijivu. Rudia pembeni yake. Punde umepata kundi zima, walio karibu wazito, walio mbali wakififia, na katikati yao yametokea maji ambayo hakuna mkono ulioyachora.

Karani wa ofisi angekuona umeharibu. Muhuri wake unatakiwa utoke sawasawa leo na kesho, kwake tofauti ndogo ni dalili ya kughushi. Kwetu tofauti ndiyo kazi yenyewe. Chombo ni kilekile, mpira na wino na pigo la mkono, lakini anayepokea kadi anaweza kuona ni wapi mkono ulikaza na ni wapi ulilegea, na kwamba hii aliyopewa yeye haina ndugu pacha.

Wino nao una habari ndefu. Mgeni wa ufundi huu hudhani kwamba mji uliojaa mawese hauwezi kukosa wino, maana amesikia kwamba wino wa mitambo ya kuchapia hutengenezwa kwa mafuta. Ni kweli, ila ni mafuta yanayokauka, kama ya kitani, ambayo yakikutana na hewa hugeuka utando mgumu. Mawese hayakauki. Changanya masizi na mawese, gonga herufi, urudi baada ya wiki: herufi ipo, na kuizunguka pana doa la njano linalotambaa kwenye karatasi hadi limetokea upande wa pili. Mawese yabaki kwenye maharage.

Masizi, hata hivyo, ni mali. Weka sahani ya bati juu ya moto wa kibatari, ukwangue ule unga mweusi, na utakuwa na rangi ambayo jua haliwezi kuila. Taabu ni kuyachanganya na maji, kwa sababu masizi huelea juu na kukataa kulowa. Yanataka kusagwa polepole pamoja na gundi ya mti iliyolowekwa tangu jana, tone kwa tone, hadi yakubali. Huu ndio wino wa vyuo vya Kurani vya zamani, ulioandikiwa kwa kalamu ya mwanzi. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, wanakili wa karne ya 18 na 19 waliandika misahafu na kuipamba kwa nyeusi, nyekundu na manjano, na leo bado inasomeka. Sisi wa ziwani, ambao dini na lugha hii vilitufikia kwa njia ya Ujiji, tunaweza kuhesabu sufuria letu la masizi kuwa tawi la mbali la kazi ile. Tawi dogo, lakini tawi.

Asiye na subira anunue wino wa pedi dukani, hakuna dhambi. Ajue tu kwamba umetiwa gliserini ili pedi isikauke upesi, na kwa hiyo hukauka kwa kunywewa na karatasi, si kwa upepo. Ukiugonga kwenye karatasi inayong'aa hauna pa kuingia, na kesho utachafua kidole cha uliyemsalimu. Manila isiyong'aa inatosha. Kabla ya kuikunja, ipinde taratibu kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaokubali kirahisi ndio uelekeo wa nyuzi zake, na mkunjo ufuate huko, la sivyo mgongo wa kadi utapasuka. Mstari wa mkunjo hupitishwa kwanza kwa biki iliyoisha wino. Msimu wa mvua, hewa ya ziwa hulegeza karatasi hadi ikajikunja pembe zote, hivyo kadi hulazwa chini ya vitabu vizito.

Kwa rangi, jiko linatoa nyingi kuliko duka. Manjano ni kali na ya kupendeza, na ukiigusa kwa maji ya majivu hugeuka hudhurungi yenye wekundu. Maji ya rozela huwa mekundu zaidi kwa limau, na kwa majivu hukimbilia buluu na kijani. Ubaya wa manjano ni kwamba jua huifuta haraka. Basi ipakwe ndani ya kadi, pale panapofunikwa, na nje pabaki peusi pa masizi. Hapo udhaifu wa rangi umekuwa mpango: anayefungua anakutana na mwanga ambao nje haukutangazwa. Brashi? Kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki hufanya kazi ya brashi nene, na kwa mawimbi ya ziwa ni bora kuliko ya dukani.

Muda pia upo. Wavuvi wa ndagala huvua kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina faida, samaki hawakusanyiki. Usiku huo mitumbwi hulala ufukweni, na nyumba nyingi zina mikono isiyo na kazi. Ningekuwa na sauti katika shule za huku, ningewaomba walimu wa kuchora wafuate kalenda hiyo.

Nani atazipokea kadi hizo? Swali hili huulizwa na watu waliosahau kwamba Afrika Mashariki nzima ilikuwa na kichaa cha kadi za salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaijaza majina ya watu wake, akaituma redioni, na mtangazaji akazisoma moja baada ya nyingine. Wana-salamu walikuwa na vyama vyao na majina ya utani, na walijulikana katika nchi ambazo hawakuwahi kuzikanyaga. Idhaa ya Kiswahili ya redio ya China, iliyoanza matangazo mwaka 1961, ilikuwa na kipindi chake cha Salamu Zenu, na kadi zilivuka bahari kwenda Beijing ili mtu wa kijiji jirani asalimiwe. Kiu ilikuwepo. Kilichobadilika ni chombo, maana sasa simu inaleta picha ya mwezi na nyota ambayo imepitia mikono ya watu elfu kabla ya kukufikia. Simu siilaumu. Habari ya msiba isingoje wino ukauke. Lakini hakuna anayeiweka ile picha kwenye fremu.

Huko Ulaya pia kadi ilianza na brashi. Henry Cole wa London alipoagiza kadi za Krismasi za kwanza kuuzwa, mwaka 1843, mchoro ulichapwa na rangi zikapakwa kwa mkono. Ninayempenda zaidi ni Jitka Samková, mtoto wa miaka saba wa kijiji cha Rudolec, Chekoslovakia, ambaye mwaka 1949 aliichorea UNICEF picha ya kushukuru msaada uliofika kijijini kwao baada ya vita. Karatasi haikuwepo, akachora kwenye kioo. UNICEF waliifanya picha hiyo kadi yao ya kwanza, na biashara ya kadi zao za miaka mingi ikaanzia kwenye kipande hicho cha kioo.

Karibu nasi, kadi za magamba makavu ya mgomba zinajulikana kila mahali, kuanzia Kenya hadi Bujumbura: mpiga ngoma, mwanamke mwenye kikapu kichwani, mtumbwi. Mikono iliyozikata ina ustadi mkubwa. Nina neno moja tu nazo: zinazungumza na mgeni. Sijaona mtu wa Rumonge akimpelekea mama mkwe wake picha ya mwanamke mwenye kikapu, kwa sababu mama mkwe anacho kikapu. Kigali kuna Cards from Africa, kampuni iliyoanza mwaka 2004, ambayo kadi zake hutengenezwa kwa karatasi iliyosagwa upya kutokana na karatasi chakavu za ofisini. Wanunuzi wao wengi wako ng'ambo vilevile, lakini hilo la karatasi linanifurahisha mno: barua za maofisi, pamoja na mihuri yake, zinalowekwa, zinapondwa, zinarudi zikiwa salamu.

Hata dola ilianza na ufundi huohuo. Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, stempu zake za kwanza zilikuwa za Ruanda-Urundi zilizoachwa na Wabelgiji, zikapigwa chapa juu yake: Royaume du Burundi. Ufalme ulipoondolewa Novemba 1966, stempu za ufalme nazo zikapigwa chapa ya jamhuri. Karatasi ya jana, neno la leo. Kama serikali iliweza kujitambulisha kwa ulimwengu namna hiyo, mtu wa Rumonge asione haya kutumia upande mtupu wa kalenda ya mwaka uliopita.

Kwa hiyo, wewe unayesoma, usianze kwa kununua. Tafuta kandambili iliyokatika ukanda, nusu wembe, kibatari, na jina la mtu mmoja ng'ambo ya mpaka ambaye hujamsalimu siku nyingi. Chonga ndagala. Gonga hadi wino ufifie, andika jina lake kwa mkono wako, umpe mtu wa boti anayekwenda Kigoma au Kalemie. Nembo ya serikali tu usiichonge, hata kwa mzaha: hiyo ni kesi.