Le Chant du loup: sikio lenye halikuruhusiwa kusema "sijui"



Siku ya posho tulikuwa watu sita kwa rafiki, umeme ulikuwa umerudi, tukaangalia filme ya Wafaransa Le Chant du loup. Maana yake ni Wimbo wa Mbwa-mwitu. Filme ilipoisha, mabishano njo yakaanza. Mumoja akasema mambo yote yale ni ya kweli, wanatuonyesha kidogo tu. Mwingine akasema Wazungu wanasikia hata samaki akipumua. Wa tatu, mwenye hajawahi kuona bahari, akatueleza misioni za siri kama vile alikuwa ndani. Nilirudi nyumbani na swali moja: ni kwa nini kitu chenye kimefichwa kinatufanya tuwe na uhakika mingi hivi?

Kwa wenye hawajaiona: ni filme ya Antonin Baudry, ilitoka mu mwezi wa pili 2019. Mbele ya kutengeneza filme, Baudry alifanya kazi ya diplomasia. François Civil anacheza Chanteraide, kijana mwenye kazi yake ndani ya nyambizi ni kusikiliza tu. Wanamuita "sikio la dhahabu". Omar Sy na Reda Kateb ni wakubwa wa mabaharia, Mathieu Kassovitz ni amiri. Ku mwanzo, mbele ya pwani ya Siria, Chanteraide anasikia sauti yenye haelewi. Anasita, kisha anaamua kama hiyo si nyambizi. Kumbe iko nyambizi, na wenzake wote karibu wafe juu ya kosa lake. Baadaye kombora linarushwa kuelekea Ufaransa, Rais anatoa amri ya kujibu kwa nyuklia, na amri hiyo ikishafika hakuna namna ya kuirudisha. Lakini lile kombora ni tupu, halina bomu. Chanteraide anajua. Sasa nani atamuamini? Mwisho siusemi.

Nianze na sifa, juu inazistahili. Hii filme ilipata tuzo ya César ya sauti mu 2020, na haikuipata bure. Wenye tulikulia pembeni ya Ziwa Kivu tunajua: ukizamisha kichwa, unasikia motere ya mutumbwi mbele ya kuuona. Mu maji sauti inakimbia karibu metre 1500 kwa sekunde. Mu hewa ni karibu 340 tu. Lakini ukiwa chini hauwezi kujua ile motere inatokea upande gani, juu sauti inafikia masikio yote mawili karibu wakati mumoja. Unasikia vizuri, lakini haujui uogelee wapi. Baudry alielewa hiyo hofu. Watu wake wamefungiwa ndani ya chuma, hakuna dirisha, redio haipiti mu maji mengi, na mwangaza hauendi mbali. Wakituma sauti yao ili irudi na kuwaonyesha adui, wanajionyesha wenyewe. Kwa hiyo wananyamaza na kusikiliza. Nusu saa ya kwanza nilikuwa napumua polepole kama vile na mimi ningesikiwa.

Shida yangu iko mu nusu ya pili. Ile filme ilianza na kijana mwenye anakosea, na hilo njo lilikuwa jambo lake la nguvu zaidi. Kisha inalisahau. Kutoka pale Chanteraide hakosei tena. Kosa linahamia kwa wengine wote: wakubwa wenye hawamusikilizi, kanuni zenye hazigeuki, mashine zenye hazina roho. Mutazamaji anatoka na fundisho moja: tafuta mutu mumoja mwenye kipaji, mwamini, dunia itaokoka. Ni fundisho tamu. Tena ni la hatari, juu linafanana na lile la wenye wanatuletea "siri" ku telefone kila siku.

Angalia mambo yenye yalitokea kweli. Ufaransa iko na nyambizi ine za makombora ya nyuklia, nyumba yao iko Île Longue karibu na Brest, na tangu 1972 inasemwa kama kila siku kuna moja angalau mu bahari. Mu mwezi wa pili 2009, moja kati yao, Le Triomphant, iligongana na HMS Vanguard ya Waingereza chini ya maji ya Atlantiki. Nyambizi mbili za inchi mbili rafiki, kila moja na mabaharia zaidi ya mia moja, zote ni za kubeba silaha za nyuklia. Wizara ya Ufaransa ilitangaza kwanza kama nyambizi yake imegonga kitu mu maji, labda kontena. Siku kidogo kisha, gazeti la Uingereza likatoa habari, na inchi zote mbili zikakubali. Hakuna mutu alikufa, Mungu asifiwe. Lakini fikiri vizuri: masikio ya dhahabu yalikuwa pande zote mbili. Kipaji hakikukosekana. Kila moja ilitengenezwa ili isisikiwe, na kila upande uliweka siri ya njia yake. Hapo sikio lolote lingefanya nini?

Mufano wa pili unaniuma zaidi. Tarehe 27 mwezi wa kwanza 1968, nyambizi ya Ufaransa yenye kuitwa Minerve ilipotea mbele ya muji wa Toulon na watu 52. Mwaka ule ule zilipotea zingine tatu: Dakar ya Israeli, K-129 ya Wasovieti, na Scorpion ya Wamarekani. Ine mu miezi mitano! Unaweza kuelewa namna gani hadithi zilizaliwa: vita vya siri, mtu alimupiga mwingine, wanafichana. Kwa K-129, Wamarekani walisikia mulipuko ku mikro zao, wakaitafuta na kuipata chini kabisa. Mu 1974 shirika lao la ujasusi, CIA, lilituma meli kubwa kuinyanyua, huku likidanganya dunia kama ni kazi ya kutafuta madini. Walipata kipande tu, na ndani yake maiti sita, wakazizika mu bahari. Filme ya yale mazishi ilikabiziwa kwa Warusi mu 1992. Kumi na nane ya miaka mingine ni mingi kwa mujane mwenye hajui bwana wake alizikwa wapi.

Na Minerve? Ilipatikana mu mwezi wa saba 2019, miezi mitano tu kisha filme yetu kutoka, kwenye maji ya metre zaidi ya 2300. Hakuna kijana mwenye kipaji aliyevaa kaske na kusema "iko pale". Ni familia zenye zilikataa kunyamaza mupaka serkali ikarudilia kutafuta. Ni wataalamu wenye walichukua tena alama za zamani za mashine zenye kupima matetemeko ya inchi, wakazisoma upya polepole. Ni meli yenye ilipita na kupita juu ya bahari. Miaka 51. Watoto walikuwa wamekuwa wazee.

Mutasema: muagronome anatafuta nini mu mambo ya nyambizi? Nijibu kwa haya yenye yalinipata. Mwaka wangu wa kwanza kisha lisansi, mu bonde la Ruzizi, mama mumoja aliniita kwenye shamba lake la mihogo. Majani ya chini yalikuwa yanageuka manjano pembeni ya mishipa. Wakulima walikuwa wamesimama, wananitazama. Nilikuwa na diplome mupya, sikutaka kuonekana mujinga. Nikasema: "Mama, hayo ni majani yanazeeka tu." Akaniamini, akakata miti yake, akaipanda shamba lingine, akagawia na jirani. Wakati wa kuvuna alinipasulia muhogo mbele yangu bila kusema neno. Ndani ulikuwa wa kahawia, umeoza. Ulikuwa ugonjwa wa michirizi. Kwa inje, shina lilikuwa zuri.

Ningesema "mama, sijui, tungoje, tuchimbe mumoja tuangalie", ningepoteza heshima ya dakika tano. Yeye alipoteza chakula cha mwaka.

Njo maana ile nusu ya kwanza ilinishika, na ya pili ikanikasirisha. Kazi ya kugundua kitu chenye kimefichwa, kiwe chini ya maji ao chini ya udongo, si kazi ya kipaji kwanza. Ni kazi ya kulinganisha, ya kurudilia, ya kuuliza wa pili na wa tatu. Chanteraide hakukosea juu sikio lake ni baya. Alikosea juu wote walimungojea aseme ndiyo ao hapana, na hakuna mwenye alimuachia nafasi ya neno la tatu. Baudry alikuwa na hiyo filme mukononi, akaiacha, akachukua ya shujaa.

Muiangalie hata hivyo, na kama kuna kaske nzuri muivae. Lakini kesho mutu akiwaletea misioni ya siri ya chini ya bahari na uhakika mingi, mumuulize kwa upole: nani alisikia, alilinganisha na nini, na nani mwingine alirudilia kusikiliza? Akikasirika, mutakuwa mumepata jibu.